Kwenda Kulia

Fundi Mbwarali wa Mwembe Tayari
amesugua kutu kwa siki na mswaki mkuukuu,
akanikabidhi kidude ndani ya gazeti, kama mahamri.
"Mia tatu. Ila sauti imenishinda."
Sauti siitaki. Sauti ninayo.

Betri nne. Kidole gumba kikabonyeza
kabla sijakiambia.
Na yule pale: mtu mdogo wa vitone thelathini,
kofia, mkoba, hana uso,
amesimama ukingoni mwa dunia upande wa kushoto
akinisubiri tangu darasa la sita.

Mchezo huu una njia moja: kulia.
Ukipiga hatua, nyuma panafungwa.
Jiwe uliloliruka halipo tena,
sarafu uliyoiacha imekwenda na ukuta.
Kulia, kulia, mpaka mlangoni.
Utotoni neno hilo tulilisikia upande mmoja.

Kidude kilikuwa cha Barke, binti wa ami,
kililetwa kutoka Jeddah kikiwa kimeviringishwa kwenye fulana.
Tulichezea juu ya sakafu, Kibokoni,
maana skrini ilikuwa rangi ya maji ya pojo
na haikuwa na taa yake;
tulilifuata jua kama nguo zilizoanikwa.
Betri zikichoka tuliziuma kwa magego,
kisha tukazipanga kando ya ndimu za achari,
na bibi akihesabu vyote pamoja:
"Ndimu arubaini, na hizi zenu za chuma, nne."

Sheria ilikuwa: ukifa, unatoa.
Mimi nilikufa haraka, nilikuwa na pupa.
Nilikufa kwenye shimo la pili, kwa kaa, kwa popo,
nilikufa nikicheka,
mara moja nilikufa nikipiga chafya.
Barke hakufa. Barke alisimama.
Hatua ya tatu, juu ya daraja la mwisho,
akaacha kubonyeza.
"Ruka! Wangoja nini?"
"Natizama."
"Watizama nini?"
"Milima. Hujaiona? Ni ile ile ya mwanzo, wameigeuza tu."
Saa ya juu ikahesabu kurudi nyuma, ikaisha,
mtu mdogo akaanguka bila kusukumwa na yeyote,
naye akanipa kidude, taratibu,
kama mgeni anayerudisha kikombe.
Nilimwona mpumbavu. Maisha mazima, kayamwaga!

Mwaka ule ami akahamia Maskati na nyumba yake yote.
Barke aliniachia kidude na betri mbili.
Mbili nyingine alikwenda nazo,
sijui za nini.

Leo, kwenye baraza ya gorofa yetu Tudor,
vidole hivi vya karani wa bandari,
vilivyozoea nambari za makontena,
vimenifikisha daraja la mwisho na maisha mawili.
Naacha kubonyeza.
Milima: kweli. Wameigeuza tu.
Kile cha kwanza, chenye pengo, sasa pengo liko huku.
Miaka ishirini na saba
na nilipita hapa mara mia nikikimbia.

Hafswa, binti yangu, ameniinamia begani,
ana achari ya embe mdomoni.
"Baba, ruka! Wangoja nini?"

Hamsini.
Jua limefika ukuta wa jirani, nainamisha skrini kulifuata.
Kumi.
Juu kushoto kuna wingu, robo tu,
limekatwa na ukingo.
Sijui zima lilikuwaje.
Tatu.

Nampa kidude. Sheria ni sheria.
Anakishika juu chini, hataki kuelekezwa,
miguu ya mtu mdogo iko angani
na anaanza kwenda, mbio,
kushoto.